Nani anayeabudu? Sarufi ya ‘sisi’ katika ibada zetu

KATIKA sajili zote za Kiswahili ambazo wanafunzi wetu wa shule za upili hukaririshwa, sajili ya dini ndiyo inayodhulumiwa zaidi. Mwalimu akiifikia huorodhesha msamiati wake ubaoni, huongeza kwamba ni lugha ya unyenyekevu iliyojaa urudiaji, kisha huyoo, amehamia sajili ya hospitali. Swali lenye uzito haliulizwi: ibadani, nani husema nini, na husema kwa niaba ya nani?

Nauliza swali hilo leo kwa sababu nchi yetu ni ya watu wa kanisa. Sensa ya 2019 ilionyesha kwamba zaidi ya asilimia 80 ya Wakenya ni Wakristo wa madhehebu mbalimbali. Kwa wengi wao, hasa mijini, Jumapili ndiyo siku pekee katika juma ambapo Mkikuyu, Mluo, Mkamba na Mtaita huketi kwenye benchi moja na kutamka Kiswahili kwa pamoja, kwa sauti moja. Shuleni mwanafunzi huulizwa mmoja mmoja. Bungeni hupewa nafasi mmoja mmoja. Kanisani tu, na uwanjani wimbo wa taifa unapoimbwa, ndipo umati mzima husema sentensi moja. Jambo hilo si dogo kwa mtafiti wa lugha, na wala si dogo kwa taifa.

Hoja yangu ni kwamba sentensi hizo za pamoja zinapungua. Katika ibada nyingi za sasa waumini wamo, wengi mno, wenye furaha mno, lakini hawana maneno yao wenyewe. Wameachiwa kutii na kurudia. Na ithibati ya jambo hili imo katika sarufi.

Tuanze na neno lenyewe. Kiswahili kina vitenzi viwili vya kueleza uhusiano wa mtu na ibada: kuhudhuria na kushiriki. Anayehudhuria yupo tu. Anayeshiriki ana fungu lake, ni mshirika, ni mwenye hisa. Si ajabu kwamba Walutheri wa Tanzania huita jamii ya waumini wa mahali pamoja usharika, na kwamba madhehebu kadhaa huiita meza ya Bwana ushirika. Lugha ilikuwa imekwisha kuamua: anayeabudu hafanani na mtazamaji wa sinema, ana fungu la kutoa.

Tena tuna kitenzi itika. Ukiitwa, unaitika. Mzee akiomba dua, waliohudhuria wanaitikia. Kutokana na mzizi huo tukapata kiitikio, ile sehemu ya wimbo ambayo wote huipokea. Kwa hiyo kwa Mswahili, kiitikio si pambo la wimbo, ni jibu. Utaratibu huu haukuletwa na meli ya wamisionari. Jomo Kenyatta, katika kitabu chake cha 1938 kuhusu Wagikuyu, anaeleza maombi ambamo mzee alitaja haja za jamii na wengine wakaitika kwa neno la amani, thaai. Pwani, kabla Krapf hajatua Mombasa mwaka wa 1844, Waislamu walikuwa wameitikia dua kwa “Amin” kwa karne nyingi. Ukristo ulipofika uliazima maneno hayohayo ya pwani yenye asili ya Kiarabu, yaani ibada, sala, dua, sadaka na imani, na pamoja nayo ukaikuta desturi ya watu kujibu.

Sasa tuitazame nafsi. Ubora wa Kiswahili ni kwamba nafsi haifichiki. Kiingereza humruhusu mtu kuamuru bila kusema anaamuru wangapi, kwani kitenzi ni kilekile kwa mmoja na kwa elfu. Kiswahili hukataa. Ni ama inua au inueni, ama simama au simameni. Vivyo hivyo kila kitenzi hubeba kichwani alama ya mtendaji: ni-, u-, a-, tu-, m-, wa-. Mtu anayetaka kujua ni nani anayefanya kazi ndani ya ibada hahitaji kuuliza askofu. Ahesabu viambishi.

Ukivihesabu katika ibada za kale zilizoandikwa vitabuni, za Wakatoliki, Waanglikana na Walutheri, utakuta tu- imetapakaa kila mahali. Tuombe. Twakuomba. Utuhurumie. Kiongozi anaposema “tuombe”, ile tu- humfunga naye pia. Hajasimama pembeni akiwatuma wengine kazi. Sala ya Bwana yenyewe, ambayo karibu kila mtoto wa Kikristo huijua kabla ya kujua kusoma, haina nafsi ya kwanza umoja hata mara moja. Inaanza na “yetu” na kuendelea na “utu-” hadi mwisho. Huwezi kuisali peke yako chumbani bila kuwaleta wengine ndani ya chumba.

Kuna msomaji atakayeniuliza: na imani ya Nikea je? Mbona inaanza kwa umoja, “nasadiki” kwa Wakatoliki na “naamini” kwa wengine? Swali zuri. Maaskofu waliokutana Nikea mwaka wa 325 walitumia wingi kwa Kigiriki, “tunasadiki”. Baadaye katika ibada tamko hilo likawa la umoja. Wakatoliki wa Kiingereza walirudia wingi kwa miongo kadhaa, kisha mwaka wa 2011 wakaagizwa kurejea kwenye umoja. Wa Kiswahili hawakuhangaishwa na mageuzi hayo, maana walikuwa wakisema “nasadiki” muda wote.

Mimi huona umoja huo kuwa na hekima yake. Imani ndilo jambo ambalo mtu hawezi kuaminiwa na mwenzake. Lakini angalia namna linavyotamkwa: watu 300 wakisema “nasadiki” kwa pamoja, kila mmoja akijiweka chini ya kiapo chake huku akiusikia wa jirani. Hapo ‘mimi’ imo ndani ya ‘sisi’. Mwanafalsafa J. L. Austin, katika mihadhara iliyochapishwa mwaka wa 1962, alitufunza kwamba zipo sentensi ambazo kuzisema ndiko kutenda, kama mtu anapoahidi au kuapa. “Nasadiki” ni ya jamii hiyo. Haiwezi kusemwa kwa niaba ya mtu mwingine.

Hata wakati uliomo ndani ya neno hilo una maana. Wapo wanaoliona kuwa mkato wa “ninasadiki”, lenye kiambishi -na-. Naegemea upande wa wanaosema ni ni- na -a- zilizoungana, kwa kuwa ndugu zake katika lugha hiyohiyo ya ibada ni “twakuomba” na “twakusifu”, ambayo -a- yake haina ubishi. Kiambishi -na- husema jambo linaendelea sasa hivi. Kile cha -a- husema jambo ndivyo lilivyo, leo na siku zote. Ibada ya pamoja ilihitaji wakati wa aina hiyo, na Kiswahili kilikuwa nao.

Nimelibakiza neno dogo kuliko yote: amina. Ni la Kiebrania, nasi tumelipokea katika umbo linalokaribia la Kiarabu. Wayahudi wanalo, Waislamu wanalo, Wakristo wanalo. Paulo, akiwaandikia Wakorintho, aliwauliza mtu wa kawaida ataitikaje amina kwa shukrani iliyotolewa katika lugha asiyoielewa. Fikiria uzito wa swali hilo. Anachukulia kwamba sala haijakamilika mpaka yule asiye na cheo aikubali. Takriban miaka 100 baadaye Yustino, ambaye aliuawa Roma kwa imani yake, alieleza ibada ya Wakristo wa kizazi chake: msimamizi anatoa shukrani, na watu wote wanaidhinisha kwa kusema amina. Kwa hiyo amina ilikuwa sahihi ya mkutano mzima chini ya hati. Bila sahihi, hati haina nguvu.

Basi nenda Jumapili hii ukaisikilize amina inavyotumika. Mhubiri anasema jambo, kisha anainua sauti: “Amen?” Watu wanajibu: “Amen!” Sauti yao haimtoshi: “Nimesema, Amen?” “Ameeeen!” Unaona kilichotokea? Jibu limegeuzwa kuwa swali, na swali lenyewe limehamia kinywani mwa mwenye kipaza sauti. Anayeitika hakubali tena sala. Anathibitisha kwamba hajasinzia. Neno lililokuwa sahihi ya waumini limekuwa rejista ya mahudhurio.

Na si hilo tu. Katika ibada nyingi za kisasa, hasa zinazoongozwa na kikosi cha sifa jukwaani, kiambishi tu- kimepungua, na mahali pake pameshikwa na amri. Inua mikono. Ruka. Piga kelele. Mwambie jirani yako. Mguse jirani yako umwambie, “Huu ni mwaka wako.” Amri zenyewe ni za umoja, “inua” badala ya “inueni”, ingawa mbele ya msemaji wamesimama watu elfu mbili. Sababu ya karibu ni tafsiri: msemaji anafikiri kwa Kiingereza kisichotofautisha mmoja na wengi. Lakini athari yake ni ya kiroho na ya kijamii. Kila mmoja anaamriwa peke yake, kando ya mwenzake. Hata anapogeuziwa jirani, hapewi neno la kumwambia kutoka moyoni mwake. Anapewa la kupeleka, kama tarishi.

Tafsiri hizo za haraka zina vichekesho vyake. “Wacha tuombe”, tunaambiwa, kana kwamba kuna mtu aliyetuzuia mlangoni. Kiswahili kilikuwa kimetosheka na “tuombe” au “na tuombe”. “Funga macho yako”, ilhali macho hufumbwa. Ya kufungwa ni ya mtu anayetiwa kitambaa usoni. “Tusimame kwa miguu yetu”, jameni, tungesimama kwa ya nani? Na kile kinachonisikitisha kuliko vyote: “Tumpige Yesu makofi!” Kumpigia mtu makofi ni kumshangilia. Kumpiga mtu makofi ni kumzaba. Kiambishi kimoja cha kutendea, ile -i- ndogo, ndicho kinachotenganisha umati wa waumini na watu wa nyumba ya kuhani mkuu, ambao Injili zinasema walimpiga usiku ule aliposhikwa. Sisemi Mungu hataelewa. Nasema jamii inayompenda mtu hujali namna inavyomtaja.

Hata mgawanyo wa “sifa” na “kuabudu” unastahili kutazamwa. Katika ibada hizi “sifa” ni nyimbo za kasi za kuruka, na “kuabudu” ni nyimbo za polepole za kufumba macho. Ibada na abudu ni maneno ya mzizi mmoja wa Kiarabu, mzizi uleule uliotoa abd, mtumwa au mtumishi, tunaoupata katika majina kama Abdalla. Kuabudu ni utumishi mzima: kusoma, kuungama, kutoa sadaka, kuombea wagonjwa, kusikiliza, kunyamaza. Neno hilo likishabanwa liwe dakika 20 za muziki laini, mengine yote yanakuwa ‘matangazo’. Maombi ya kuombea nchi, wafungwa, wenye njaa na wafiwa, ambayo katika ibada za kale waumini huyajibu ombi kwa ombi, yametoweka kabisa mahali pengine. Nani atasema “utusikie” ikiwa hakuna aliyeachiwa nafasi ya kusema?

Haki inanidai nisikilize upande wa pili, nao una hoja nzito.

Kwanza, watasema kwamba ibada ya kitabuni huwafanya watu kasuku. Ni kweli. Nimeketi makanisani ambako tamko la imani lilikimbizwa kama mtu anayesoma masharti ya mkopo. Tena si kila kitabu kilikuwa cha watu. Kwa miongo mingi Wakatoliki wetu walisikia misa kwa Kilatini, padre akiwa amewapa kisogo, wao wakisali rozari zao. Mtaguso wa Pili wa Vatikano ndio uliotamka, katika hati yake ya liturujia ya Desemba 1963, kwamba waumini washiriki kikamilifu, wakijua wanachofanya, na ukafungua mlango kwa lugha za watu. Jambo la ajabu ni kwamba katika miaka hiyohiyo, huko Nyanza, Legio Maria walijitenga na Kanisa Katoliki na kukishika Kilatini ambacho Warumi wenyewe walikuwa wakikiweka kando. Lugha isiyoeleweka nayo hupendwa, kwa kuwa huashiria utakatifu. Kwa hiyo simshangai kijana wa Nairobi anayeona Kiingereza cha jukwaani kuwa kitakatifu kuliko Kiswahili cha nyanya yake.

Pili, watasema kwamba nyimbo za kale nazo zimejaa ‘mimi’. Ni kweli tena. Nyimbo nyingi za Tenzi za Rohoni zimetafsiriwa kutoka kwa uamsho wa Ulaya na Marekani wa karne ya 19, na wakati ule mwenye dhambi mmojammoja ndiye aliyeimba. Zaburi zenyewe huchanganya umoja na wingi. Ndiyo maana sijasema kwamba umoja ni kosa. Jambo la kupima si idadi ya nafsi, ni kinywa kinachoishika sentensi. ‘Mimi’ ya wimbo ambao mkutano mzima unaujua kwa moyo, beti nne bila kitabu, ni mali ya mkutano. ‘Mimi’ ya mwimbaji hodari, kwa ufunguo ambao ni yeye tu anaoufikia, spika zikiwa zimefunika sauti ya kila mtu, ni mali yake. Sisi tunaisikiliza.

Tatu, na hapa nawavulia kofia, makanisa ya kipentekoste yana jambo moja ambalo vitabu havina: maombi ambapo watu wote hufungua vinywa kwa wakati mmoja, kila mtu na yake. Sikio la mgeni husikia kelele. Lakini mama aliyenyamazishwa nyumbani na kazini anapata hapo dakika kumi za kusema kila kitu bila kukatizwa. Hiyo nayo ni ibada ya pamoja. Waakorino, na vilemba vyao vyeupe na ngoma zao, hawana jukwaa la mwimbaji nyota. Ukumbi wote ndio kwaya. Mkutano unaweza kushika maneno yake bila kitabu, na unaweza kuyapoteza ukiwa na kitabu mkononi.

Isitoshe, watu wakinyimwa jibu hulitunga. Anayesema “Mungu ni mwema” katika nchi hii hatamaliza kabla hajajibiwa “kila wakati”. Hilo halikuagizwa na sinodi yoyote. Tazama pia salamu zetu. Mkatoliki husema “Tumsifu Yesu Kristo” na kujibiwa “Milele na milele, amina”. Mwanauamsho, mtoto wa vuguvugu lililotoka Rwanda na Uganda na kuenea Kenya tangu miaka ya 1930, husema “Bwana asifiwe”. Ya kwanza ina tu- na kauli ya kutenda. Ya pili ni kauli ya kutendwa isiyotaja mtendaji. Asifiwe na nani? Anayeitika ndiye anayeijaza nafasi hiyo. Zote mbili ni sentensi nusu zinazongoja mtu wa pili. Huo ndio ufundi wa ibada: kuacha nafasi.

Je, kuna hasara gani nafasi hiyo ikizibwa? Nina majibu matatu.

La kwanza ni mazishi. Kifo kikibisha hodi, hukusanya watu wa madhehebu yote kuzunguka shimo moja: Mkatoliki, Mwanglikana, Msabato, Mkweka na yule aliyeacha kanisa zamani. Hapo hakuna projekta wala kikosi cha sifa. Kuna udongo na mjane. Kinachobaki ni kile ambacho watu wanakijua kwa moyo. Sala ya Bwana inaanzishwa na sauti zinaungana, hadi zinapofika kwenye msamaha. Hapo wengine wanasema “makosa” na wengine “deni”, na sauti inapasuka kama kibuyu. Mwishoni Wakatoliki wananyamaza huku wenzao wakiendelea na utukufu. Kila mara huo mpasuko huniuma kidogo. Lakini hunitia wasiwasi zaidi kuwaona vijana waliosimama nyuma, waliolelewa katika ibada za jukwaani kwa Kiingereza, ambao hawana ‘makosa’ wala ‘deni’. Midomo yao imefumba. Wanampenda marehemu kama sisi, ila hawakupewa maneno ya kumsindikizia.

Hali hii inachangiwa na ratiba zetu. Katika makanisa mengi ya mijini ibada ya Kiingereza huanza, ikiisha huanza ya Kiswahili, na watoto hupelekwa chumba kingine. Familia moja huingia lango moja na kusali katika vikundi vitatu. Bibi na mjukuu hawasikilizani sauti mwaka mzima, kisha tunashangaa kwamba kaburini hawawezi kuomba pamoja.

La pili ni mwaka wa 2020. Ugonjwa wa korona ulipofunga milango ya makanisa mwezi Machi, ibada zilihamia kwenye skrini. Zilipofunguliwa mwezi Julai ilikuwa watu wasiozidi 100 kwa saa moja, walio chini ya miaka 13 na waliopita 58 wakiagizwa kubaki nyumbani. Kipindi hicho kilikuwa mtihani. Nyumba iliyokuwa na sala zake, nyimbo zake na majibu yake iliendelea kuabudu mezani pa chai. Nyumba iliyozoea kuambiwa “inua mikono” ilibaki ikiitazama simu ikizunguka kutafuta mtandao.

La tatu nalisema kwa tahadhari. Mwaka wa 2023 miili zaidi ya 400 ilifukuliwa katika msitu wa Shakahola, kaunti ya Kilifi. Mambo ya mahakama niyaachie mahakama, na sidai hata kidogo kwamba sarufi ndiyo iliyoua watu. Umaskini, hofu na uzembe wa dola vilikuwepo. Lakini tangu wakati ule taifa limekuwa likijadili namna ya kudhibiti wahubiri kwa leseni na vyeti, na sijasikia mtu akiuliza kuhusu waumini: wamezoezwa kusema nini? Mkutano ambao juma baada ya juma husikia amri tu, na ambao amina yake huulizwa badala ya kusubiriwa, unanolewa katika kutii. Mkutano uliozoea kuidhinisha una kumbukumbu kwamba idhini inaweza kukataliwa. Anayeweza kusema amina kwa dhati ndiye pia anayeweza kunyamaza, na kimya chake kikasikika.

Sipendekezi turudi kwenye Kilatini wala tuyavunje majukwaa. Mambo ninayoyaomba ni madogo na hayagharimu chochote. Viongozi wa ibada warudishe wingi: inueni, simameni, tuombe. Wakalimani, wanaofanya kazi ngumu ya kufasiri sentensi ikiwa bado hewani, wapewe muda wa kukaa na mhubiri kabla ya ibada, kwa maana nusu ya vioja nilivyotaja huzaliwa katika haraka hiyo. Kila kikosi cha sifa kiwe na angalau wimbo mmoja ambao ala zake zitanyamaza, watu wasikie sauti zao wenyewe. Watoto wafundishwe kwa moyo sala tatu au nne za Kiswahili, wajue na maana yake. Viongozi wa madhehebu nao, wanaokutana kila mara kutoa taarifa za pamoja kuhusu siasa, siku moja wakae waamue kama ni deni au makosa, ili angalau kaburini tumalize sala pamoja.

Na yeyote anayeshika kipaza sauti Jumapili hii, akimaliza kuomba, asiulize “Amen?” Anyamaze. Ahesabu hadi tatu. Asubiri wenye sala waiitikie.